Panga Lisilokata na Tui Lisilo la Nazi

Msomaji mpendwa, leo tunafunga safari ya mbali, na nauli yake ni subira kidogo tu. Kwanza jibu swali hili: ukisikia kwamba kwa jirani wanapika wali kwa tui, utafikiri nini? Bila shaka nazi imekunwa, ikakamuliwa, na harufu imekwisha ruka ua. Lakini wako watu huko kaskazini-mashariki mwa India ambao kwao tui ni maji tu, yawe ya mtoni au ya mtungini. Hao hao ukiwauliza mkono mmoja una vidole vingapi watakujibu panga, nao hawana nia mbaya. Panga kwao ni tano. Mei ni moto, hata ikiwa ni Desemba. Mi ni mtu. Ni ni jua, na tena ni siku, kama vile Mluo anavyotumia chieng' kwa yote mawili. Sa ni mnyama, na pia ni nyama yake ikiwa chunguni.

Watu hao ni Wahmar, na lugha yao ni Kihmar. Usihangaike kutafuta irabu kati ya h na m. Toa pumzi puani kidogo, kisha sema "mar", nao watakuelewa. Wanaishi milimani, katika majimbo ya Manipur, Mizoram na Assam, na wengine wako Meghalaya na Tripura. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu wasemaji wa Kihmar kuwa karibu 99,000. Kwa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, hiyo ni sawa na chembe ya mchele katika gunia. Jina lenyewe lina maelezo mawili. Wengi husema hmar maana yake ni kaskazini, yaani watu waliokaa kaskazini mwa jamaa zao. Wengine husimulia kwamba latokana na mtindo wa kale wa kufunga nywele kwa fundo kisogoni. Mimi siamui kesi ya wenyewe.

Kinachonifanya niwalete Wahmar katika ukurasa wetu ni orodha zao za maneno. Lugha ndogo ikianza kuandikwa, mara nyingi hupewa orodha: kushoto neno la wenyeji, kulia maana yake kwa Kiingereza. Wanafunzi mnazijua orodha za namna hii. Krapf alipokuwa hapa kwetu alitunga moja ya lugha sita za Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1850. Ni kazi ya maana sana, wala sitaki mtu anisikie nikiibeza. Ila nataka tuitazame safu ile ya kulia kwa makini, kwa kuwa ndiyo ambayo watoto wengi wa mjini huanza kuisoma.

Hebu tuanze jikoni. Neno ni bu, na kulia pameandikwa rice. Neno la pili ni bufai, na kulia, rice. Mwanafunzi anayetegemea Kiingereza atadhani ni neno moja lenye majina mawili. Wewe unayesoma gazeti hili huwezi kudanganyika, kwa maana mama yako hakukutuma dukani kununua wali, wala hakupakua mpunga sahanini. Bufai ni mchele, uliokobolewa na kupetwa. Bu ni mpunga ulioko shambani na ghalani, na ni bu tena ukishakuwa chakula. Katika milima hiyo kuna desturi iliyoanza mwaka 1910: kila mwanamke anapopika huchota konzi moja ya mchele na kuiweka kando kwa ajili ya kanisa. Wamizo, majirani na ndugu wa Wahmar, huiita buhfai tham. Haiwezi kuwa konzi ya wali wala ya mpunga. Anayesoma safu ya kulia peke yake hataambiwa ni konzi ya kitu gani.

Tutoke jikoni tuingie sebuleni. Ndugu aliyekutangulia kuzaliwa huitwa u, na aliyekufuata huitwa nau. Kwanza lugha yataka kujua nani mkubwa na nani mdogo. Mambo ya mvulana na msichana yatafuata. Kiingereza hakiwezi kusonga hatua moja kabla ya kuamua kama ni brother au sister, na hivyo safu ya kulia hujaa maneno. Kiswahili chasema ndugu mkubwa, ndugu mdogo, na mambo yamekwisha. Pu ni babu, na pia ni mjomba, kaka wa mama. Tena ni neno la heshima linalowekwa mbele ya jina la mwanamume, kama sisi tunavyosema mzee fulani. La mwanamke ni Pi. Mwenye kutafsiri pu kwa neno uncle amemchanganya mjomba na amu, jambo ambalo katika koo nyingi za kwetu lingevunja kikao cha mahari.

Na mahari nayo ina neno lake. Siel ni mnyama wa jamii ya ng'ombe, mwenye mwili mzito na pembe nene, ambaye hufugwa nusu na kuachwa nusu: huzunguka msituni mchana kutwa, na mwenyewe humwita kwa chumvi. Kwa Wahmar na jamaa zao mahari ilihesabiwa kwa siel, na aliyetaka kuheshimiwa kijijini aliwachinja na kuwalisha watu. Upande wa Kiingereza huandikwa mithun, neno ambalo Waingereza wenyewe walilikuta Assam. Kwa hiyo mtoto anayetafuta maana anatumwa kutoka neno moja asilolijua hadi jingine asilolijua.

Salamu yao ni I dam am? Dam ni kuwa hai, na pia ni kuwa na afya. Kiingereza hugawanya mawili hayo. Kiswahili hakigawanyi: u mzima? Nawe ukijibu u mzima, umesema hukufa wala huugui. Kadhalika thla ni mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, sawasawa na kwetu. Mara kwa mara, msomaji, utaona njia fupi kutoka Kihmar kuja Kiswahili, na njia ndefu kutoka Kihmar kwenda London na kurudi.

Lakini tusijivune mapema. Yako maneno ambayo hata sisi hutukwama kooni, na la kwanza ni tlawmngaina. Mmishonari Mwingereza J. H. Lorrain, ambaye watu wa milimani walimpa jina la Pu Buanga, alifika huko mwaka 1894 pamoja na mwenzake F. W. Savidge. Ndio waliowapatia Wamizo maandishi ya herufi za Kirumi. Lorrain alitoa sarufi na kamusi mwaka 1898, kisha akaendelea kukusanya maneno miaka nenda miaka rudi, hata kamusi yake kubwa ikachapishwa Calcutta mwaka 1940. Alipofika kwenye neno hili alilundika maana juu ya maana: kutojipendelea, kuvumilia, ushujaa, kukataa kusaidiwa, kuona haya kushindwa na wenzako kwa wema. Hakuna hata moja iliyotosha, ndiyo sababu hakuacha kuongeza.

Itazame kazini. Mtu amefariki kijijini: vijana hawangoji kuitwa, huenda kuchimba kaburi. Mgonjwa yuko kilele cha mlima na gari haliwezi kupanda: wanamfunga kwenye machela ya mianzi na kumshusha, wakipokezana mabega. Mwindaji hakurudi: usiku huo huo kijiji chote cha vijana kimeingia msituni na mienge. Tena asiwepo wa kuuliza atalipwa nini, wala wa kusema amechoka kabla ya mwenzake. Nimejaribu kujitolea, halikutosha, maana mtu aweza kujitolea huku akipiga picha. Nimejaribu utu, ukakaribia, lakini utu hauna ile haya ya kuogopa kuachwa nyuma katika kutenda mema. Mwenye neno bora aniletee.

Sasa sogea karibu, maana tunafika penye uzito. Mau ni mwanzi. Tam, katika neno hili, ni kufa. Mautam ni kufa kwa mianzi, na kulia pameandikwa kwa kifupi: famine, yaani njaa. Ukisoma hivyo utaona wamekosea, mianzi na njaa wapi na wapi? Hawakukosea. Milima hiyo imejaa aina moja ya mwanzi ambayo huishi karibu miaka 48 bila kuchanua. Miaka hiyo ikitimia, mianzi huchanua karibu yote kwa pamoja, mlima baada ya mlima, huzaa matunda manene kama peasi, kisha hufa. Panya huyala matunda hayo na kuzaana kupita kiasi. Matunda yakiisha, jeshi hilo la panya huteremkia mashamba ya mpunga na maghala, na kwa usiku mmoja mkulima aweza kupoteza kazi ya mwaka. Ilitokea karibu na mwaka 1862, ikaja 1911, ikaja 1959, ikaja 2007. Mara hii ya mwisho serikali ya Mizoram ilikuwa ikilipa kwa kila mkia wa panya ulioletwa.

Mkasa uliowaumiza zaidi ni ule wa 1959, na kisa chake ni neno kutosikilizwa. Wazee walijua hesabu. Mwaka 1958 halmashauri ya wilaya ya Mizo, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Assam, iliomba rupia 1,500,000 za kujiandaa. Wakubwa wa tambarare wakaona huo ni ushirikina wa watu wa milimani: ati mti uchanue, watu wafe njaa! Ombi likatupiliwa mbali. Mianzi ikachanua, panya wakaja, watu wakafa. Chama kilichoundwa kugawa chakula kiligeuka mwaka 1961 kuwa chama cha siasa, na mwaka 1966 kikashika bunduki. Machi mwaka huo ndege za jeshi la India zikaupiga mabomu mji wa Aizawl. Amani haikupatikana hadi mkataba wa Juni 1986, na Mizoram ikawa jimbo kamili mwaka 1987. Miaka 20 ya risasi, na mwanzo wake ni neno la silabi mbili ambalo lilikuwa limebeba elimu yote iliyohitajika.

Mwanafunzi, chukua kalamu uongeze 48 kwa 2007. Ukifika 2055 huenda wewe ukawa babu au nyanya. Mtoto wa Kihmar aliyeko darasani leo ndiye atakayekuwa mzee wa kusema, "Mianzi imeanza kuchanua, tufanye haraka." Hapo itategemea kama alifundishwa mautam kwa Kihmar au aliipata kwenye safu ya kulia tu.

Tunashuka mtoni. Kwenye ramani ya Manipur, karibu na mpaka wa Mizoram, utaona mahali panaitwa Tipaimukh. Mukh, katika lugha za tambarare, ni mdomo, na Tipai ni Tuivai iliyochubuliwa midomoni mwa wageni. Wahmar hapaiti hivyo. Wao husema Ruonglevaisuo. Likate neno uone: mto Tuiruong, ambao ramani huuita Barak, na mto Tuivai, na katikati yao le, maana yake "na". Ni Ruong na Vai, pale zinapoungana. Jina ni sentensi nzima inayokuonyesha pa kusimama.

Hapo ndipo palipopangwa kujengwa bwawa kubwa la umeme, ukuta wa karibu mita 163 na megawati 1,500. Watu wa bonde hilo walipinga kwa miaka mingi, na hata Bangladesh, ambako mto huo hutiririkia, kulikuwa na kelele. Mwaka 2013 kamati ya India inayoshauri kuhusu misitu ilikataa ombi la kutumia zaidi ya hekta 22,000 za msitu. Katika vikao vya mashauri, mhandisi huja na kina cha maji na ukubwa wa eneo. Mzee wa Kihmar huja na Ruonglevaisuo, mahali penye hadithi za mababu zake. Wakati mwingine wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya pahali pamoja bila kujuana, kwa vile kila mmoja alikuwa na jina lake.

Jambo jingine la kuwafikirisha: kitabu cha kwanza kuwafikia Wahmar hakikuwa cha lugha yao. Mwaka 1910 Watkin Roberts, kijana kutoka Wales, alifika kijiji cha Senvon baada ya chifu wa hapo kupelekewa Injili ya Yohana katika lugha ya Wamizo na kutaka mtu wa kuieleza. Ilipita miaka 50 kabla ya Agano Jipya la Kihmar kutoka, mwaka 1960, kwa kazi ya Rochunga Pudaite, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa kabila hilo. Nusu karne ile ya kungoja ilikuwa imekwisha kuwazoesha lugha ya jirani. Wamizo ni wengi, zaidi ya 830,000 katika sensa ya 2011, na koo kadhaa za Kihmar zilizoko Mizoram zilikwisha hamia Kimizo. Wenye asili ya Suba, pale ziwani, watanielewa upesi kuliko wengine.

Kisha ikaja Mei 3, 2023. Ghasia zilizuka Manipur kati ya Wameitei wa bondeni na jamii za milimani za Kuki-Zo, ambazo Wahmar ni mojawapo. Zaidi ya watu 200 waliuawa, na takriban 60,000 wakayakimbia makao yao. Maelfu walivuka kuingia Mizoram, ambako watoto waliingizwa shule za huko, na lugha ya uwanjani na sokoni ni Kimizo. Wengine wako Shillong, Delhi na miji mingine, wakisoma kwa Kiingereza na kucheza kwa Kihindi. Kwa mtoto wa namna hiyo, bibi yu mbali na shamba li mbali. Siel hajamwona. Orodha ya maneno ndiyo kijiji chake. Ndipo jambo dogo kama kuandika rice mara mbili linapokuwa kubwa, kwa kuwa hana mtu wa kumwambia kwamba moja ni mchele.

Kama ningeombwa ushauri na wanaotunga orodha hizo, ningesema waongeze safu ya tatu, hata ikiwa finyu: neno hutumika lini, na nani humwambia nani. "Konzi ya bufai huwekwa kando kabla ya kupika." Sentensi moja kama hiyo humwokoa mtoto. Na alama za sauti nazo wasizionee uvivu, kwani hizi ni lugha za kupandisha na kushusha sauti. Kwa Wamizo, lei moja ni ulimi, nyingine ni udongo, nyingine daraja, nyingine kununua, na maandishi ya kawaida huziachia zote sura moja. Lung nayo ni jiwe, na kuna lung nyingine ambayo ni moyo. Usije ukamwambia mpenzi wako una jiwe.

Wazazi, kabla hamjafunga ukurasa, fanyeni mchezo huu na watoto mezani. Kila mmoja achukue lugha ya nyumbani kwao, iwe Kikamba, Kiluhya, Kimeru au Kipokomo, aandike maneno kumi ya jikoni na kumi ya ukoo, kisha atie Kiingereza kulia na Kiswahili katikati. Mtaona wenyewe wapi safu ya kulia inaishiwa. Nileteeni yaliyowashinda.

Na sasa chemsha bongo ya wanafunzi. Kimizo na Kihmar hutofautiana kwa utaratibu, kama maji ya Mswahili yanavyokuwa manzi kwa Mkamba. Wamizo humwita Mungu Pathian, Wahmar Pathien. Nane kwa Wamizo ni pariat, kwa Wahmar pariet. Tisa ni pakua huku na pakuo kule. Pango la mwamba ambamo hadithi husema mababu walitokea ni Chhinlung kwa Wamizo, na Sinlung kwa Wahmar. Haya: Wamizo huita nguo puan, kusini chhim, na mashariki chhak. Je, Wahmar huitaje? Funika mstari unaofuata kwa kidole.

Majibu: puon, sim, sak.